Nani Alipita Hapa? Kulitembelea Kasri la Mizingani

Ndugu walimu wa historia, na nyinyi vijana mnaojifunza kazi ya kuongoza wageni:

Nimeombwa nizungumzie namna ya kulitembelea kasri lililogeuzwa makumbusho. Dunia inayo mengi. Louvre ya Paris ilifunguliwa kwa umma mwaka 1793, Topkapı ya Istanbul mwaka 1924, na kasri la wafalme wa China mjini Beijing mwaka 1925. Hayo nayaacha kwa wenyewe. Mimi nitabaki hapa Unguja, Mizingani, kwenye Beit al-Sahel, lile jengo jeupe linalotazama bahari, ambalo wanafunzi wenu hulipita kila wanapokwenda Forodhani kunywa maji ya miwa na kula urojo. Wengi wao wamelipita mamia ya mara na hawajawahi kupanda ngazi zake. Jambo hilo linaniuma, na ndilo lililonileta hapa jioni hii.

Nina ushauri mmoja tu. Mkiingia na wanafunzi humo, msianze na viti. Anzeni na njia.

Mnajua ziara inavyokwenda kwa kawaida. Mgeni huonyeshwa kiti alichokalia Sultani, kitanda alicholalia, picha yake ukutani, kisha husomewa majina kwa mpangilio: Said, Majid, Barghash, na kuendelea hadi Jamshid. Akitoka nje anayo orodha kichwani, na kesho yake imemtoka. Si kosa kuyajua majina hayo. Lakini kiti hueleza habari za mtu mmoja aliyekikalia. Mlango, ngazi, ukumbi na kipito hueleza habari za wote waliopita, na waliopita katika nyumba ile walikuwa wengi mno kuliko waliokaa vitini.

Tuanze na umbo la mahali penyewe. Seyyid Said bin Sultan alijenga Beit al-Sahel kati ya mwaka 1827 na 1834, wakati alipokuwa akihamisha makao yake kutoka Maskati kuja Unguja. Nje ya mji, upande wa kaskazini, alikuwa na kasri jingine la Mtoni, ambalo leo ni magofu. Baadaye hapo mjini pakawa na majumba matatu yaliyosimama sambamba mbele ya bahari: Beit al-Sahel, Beit al-Hukm katikati, na Beit al-Ajaib, ambalo Seyyid Barghash alilimaliza mwaka 1883. Majumba hayo yaliunganishwa kwa juu na njia zilizofunikwa. Watu wa Mji Mkongwe na wa Lamu wanaijua njia ya namna hiyo, huiita wikio. Ni daraja lenye kuta na paa, linalovuka kichochoro kutoka ghorofa ya nyumba moja hadi ya nyumba nyingine, ili wanawake wa nyumba watembeleane bila kushuka barabarani na bila kuonekana.

Simameni na wanafunzi wenu nje, upande wa bustani, muwaombe wafikirie njia hizo zikiwa bado zipo. Chini, uwanjani, kulikuwa na wanaume: mabaharia, wafanyabiashara, askari, makonsuli wa Kizungu wakingoja kuitwa barazani. Juu, ndani ya wikio, alipita binti wa Sultani, akawaona wote, na hakuna aliyemwona. Kwa njia ile mtoto wa kike wa kasri aliujua mji mzima kwa macho ingawa miguu yake haikuruhusiwa kuufikia.

Binti mmoja wa kifalme alikuwa Salme. Alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Baba yake ni Seyyid Said, na mama yake, Jilfidan, alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkesi, aliyetekwa utotoni akauzwa. Salme alisomeshwa kusoma Kurani kama watoto wenzake wa kasri, lakini wasichana hawakufundishwa kuandika. Akajifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi kwenye mfupa bapa wa bega la ngamia. Siri hiyo ilikuja kuwa na matokeo makubwa. Baba yake alipofariki baharini mwaka 1856, na ndugu wakaanza kugombana, Salme alikuwa upande wa Barghash dhidi ya Majid, na yeye ndiye aliyeandika barua za wale waliopanga uasi wa mwaka 1859. Mtu anayejiuliza ni kwa nini wakubwa hawakutaka binti ajue kuandika, jibu lake ni hilo.

Uasi ulishindwa. Miaka saba baadaye, mwezi wa Agosti 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, Salme alitoroka kwa meli ya kivita ya Waingereza iliyoitwa Highflyer. Alifika Aden, akabatizwa kwa jina la Emily, akaolewa mwaka 1867, akaenda kuishi Hamburg. Mume wake alikufa kwa ajali ya tramu mwaka 1870, akabaki mjane mgeni katika nchi ya baridi, mwenye watoto wadogo watatu. Mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Humo ndani ya makumbusho kipo chumba kilichowekwa kwa ajili yake, na wageni wengi hukipenda kuliko vyote. Nami nakipenda. Ila nawaomba msikigeuze kuwa chumba cha mapenzi peke yake. Kitabu chake ni shahidi adimu sana kwetu, kwa sababu aliandika yale ambayo makonsuli, pamoja na ripoti zao zote, hawakuweza kuyaona: maisha ya uani.

Kuhusu ua huo, nataka tukae kidogo. Salme anaeleza jinsi uwanja wa ndani wa Beit al-Sahel ulivyokuwa ukijaa watu tangu asubuhi. Wanyama walichinjwa hapo hapo kwa wingi. Samaki wengine walikuwa wakubwa hata ilibidi wapagazi wawili kumbeba mmoja. Mchele, unga na sukari viliingia kwa magunia, na samli ilitoka mbali, hata Sokotra, ikiwa ndani ya mitungi. Mtoni peke yake, kwa hesabu yake, walikaa watu wapatao 1,000 wa nyumba ya baba yake. Sasa jiulizeni: watu 1,000 hunywa maji kiasi gani kwa siku? Nani aliyateka? Nani alizipanda ngazi na mtungi kichwani kabla Seyyid Barghash hajaleta maji ya bomba mjini kutoka chemchemi za kaskazini? Kuni zilikatwa wapi na zililetwa na nani?

Walikuwa watumwa. Lazima neno hilo litamkwe ndani ya kasri lile lile, si kule Mkunazini tu. Tumezoea kuzigawa ziara zetu: asubuhi tunawapeleka watoto kwenye kanisa la Mkunazini lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, wanaona minyororo, wanahuzunika, jioni tunawapeleka kasri, wanaona vitanda vya nakshi, wanafurahi. Mtoto huondoka akidhani hizo ni hadithi mbili. Ni hadithi moja. Karafuu ya Unguja na Pemba ilipandwa, ikachumwa na kuanikwa na watumwa, na fedha ya karafuu na ya ushuru wa forodha ndiyo iliyonunua vioo, saa na mazulia. Walionunuliwa sokoni, wengine walikwenda mashambani, wengine wakaingia kwa mlango wa nyuma wa nyumba hii hii.

Tena, mambo yenyewe yalikuwa na ngazi nyingi, na wanafunzi wa sekondari wanaweza kabisa kuzielewa. Mama yake Salme alinunuliwa, na bintiye ni bibi wa kifalme mwenye watumwa wake. Seyyid Barghash ndiye aliyetia saini mkataba wa mwaka 1873 uliofunga masoko ya watumwa na biashara ya kuwasafirisha baharini, baada ya kubanwa sana na Waingereza. Utumwa wenyewe ulibaki. Amri ya mwaka 1897, ya Seyyid Hamoud bin Mohammed, ikaondoa hadhi ya utumwa kisheria, lakini masuria hawakuingizwa humo. Wao walingoja hadi mwaka 1909. Fikirini maana yake katika nyumba kama hii. Mpishi aliweza kwenda mahakamani kudai uhuru wake miaka 12 kabla ya suria aliyelala ghorofani. Sijawahi kuona darasa lililosikia jambo hilo likabaki limenyamaza.

Sasa tufike kwenye bustani, pale palipo wazi kati ya majumba mawili yaliyobaki. Wageni hupiga picha hapo, kisha huendelea. Pale ndipo ilipokuwa Beit al-Hukm.

Tarehe 25 Agosti 1896, Sultani wa wakati huo, Seyyid Hamad bin Thuwaini, alifariki ghafla. Seyyid Khalid, mtoto wa Barghash, akaingia kasri akajitangaza Sultani bila idhini ya Waingereza, ambao tangu mwaka 1890 walikuwa wameifanya Zanzibar nchi ya himaya yao. Walimpa muda hadi saa 3 asubuhi ya tarehe 27 ashushe bendera na atoke. Hakutoka. Dakika chache baada ya saa 3 mizinga ya meli za kivita zilizokuwa bandarini ikaanza kufyatuliwa. Kazi nzima haikuchukua hata saa 1. Beit al-Hukm ilibomoka na kuungua, Beit al-Sahel ikaharibika vibaya, mnara uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib ukaharibiwa, na meli ya Sultani, Glasgow, ikazamishwa mbele ya macho ya mji. Njia za juu zilizokuwa zikiunganisha majumba zikapotea siku hiyo.

Vitabu vingi hukipenda kisa hiki kwa sababu ya ufupi wake. Huitwa vita vifupi kuliko vyote duniani, na watu hutabasamu. Mimi siwezi kutabasamu. Upande wa Zanzibar waliokufa na kujeruhiwa walikadiriwa kuwa watu 500, wanaume kwa wanawake. Upande wa Uingereza aliumia baharia mmoja. Ndani ya majumba yale, pamoja na askari, walikuwamo watumishi na watumwa wa kasri, watu ambao hawakuwa na kauli yoyote katika ugomvi wa nani arithi kiti. Walikuwa nyuma ya kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, na ngome za masanduku. Mwalimu akisimama pale bustanini na darasa lake, asome hesabu ya waliokufa na kujeruhiwa kabla ya kutaja hesabu ya dakika.

Khalid mwenyewe alitokaje? Alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Waingereza wakaweka walinzi nje wamkamate akitia tu mguu barabarani. Alikaa humo hadi tarehe 2 Oktoba, siku ya bamvua, maji yalipojaa hata mashua ya manowari ya Kijerumani ikaweza kufika kwenye lango la bustani ya ubalozi. Akatoka ardhi ya ubalozi akaingia moja kwa moja katika mashua, bila kukanyaga udongo wa Unguja, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimkamata mwaka 1916, wakamfunga mbali, na akafia Mombasa mwaka 1927. Nawaambieni, fuateni njia. Mambo ya sheria, ya bahari na ya siasa yote yamo katika hatua zile chache.

Kwa hiyo jengo mnaloingia leo si lile la Seyyid Said kama alivyoliacha. Lilijengwa upya baada ya mizinga. Tangu mwaka 1911 likawa makao rasmi ya Sultani, wakati Beit al-Ajaib ilipofanywa ofisi za serikali. Aliyekaa humo muda mrefu kuliko wote ni Seyyid Khalifa bin Harub, aliyetawala kuanzia mwaka 1911 hadi 1960, karibu miaka 49.

Ghorofa ya juu mtaona vyumba vyake na vya wake zake, na hapo napenda wanafunzi wachelewe kidogo mbele ya kabati za fomaika. Naam, fomaika, ile ile iliyokuwa juu ya meza za mikahawa na jikoni kwa shangazi zetu miaka ya 1950 na 1960. Wageni wengine huvunjika moyo wakiiona. Walitaraji dhahabu. Kwangu mimi ni miongoni mwa vitu vyenye thamani kubwa zaidi mle ndani. Chini umeona mbao nzito za nakshi kutoka India na samani za Ulaya za karne ya 19. Huku juu unaona Sultani wa miaka ya 1950 akiwa na kabati nyepesi ya kiwandani, laini, rahisi kupangusa. Uwezo ulikuwa umeshahama. Mambo makubwa ya nchi yaliamuliwa na Balozi Mkazi wa Uingereza, na Sultani alibaki mzee anayeheshimika, anayepigiwa saluti, mwenye nyumba iliyopambwa kama ya mtu wa tabaka la kati. Hakuna mkataba utakaomweleza mwanafunzi hali ya himaya kwa uwazi kama kabati ile. Mwambieni aiguse kwa macho, aangalie pembe zake, kisha aeleze nani aliifungua kila asubuhi na kutoa kanzu iliyopigwa pasi.

Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963. Mapinduzi yalikuja tarehe 12 Januari 1964. Seyyid Jamshid bin Abdullah, Sultani wa mwisho, aliondoka kwa bahari, akaishia Uingereza, akakaa huko zaidi ya nusu karne kabla ya kuruhusiwa kurudi Omani mwaka 2020; akafariki huko mwishoni mwa mwaka 2024. Jumba likaitwa kasri la wananchi, likatumiwa na serikali, na mwaka 1994 likafunguliwa kuwa makumbusho. Miaka 30 ilipita katikati. Siioni kuwa mingi. Katika visiwa ambavyo karibu kila ukoo una kidonda cha mwaka ule, au cha miaka iliyoutangulia, ilihitaji muda watu waweze kupanda ngazi zile bila kushika upande.

Na mpaka leo, mwalimu, utakuwa na watoto ndani ya darasa moja ambao mababu zao waliingia nyumba hii kwa milango tofauti. Mmoja babu yake alikuwa karani. Mwingine bibi yake alikuwa mpishi. Mwingine babu yake alishangilia bendera ikishuka, na mwingine babu yake alipoteza ndugu wiki ile. Usiwalazimishe kuona jambo moja. Wape kazi ya kutazama kwanza. Mtoto aliyetazama vizuri huuliza swali lake mwenyewe, na swali lake huwa la haki kuliko letu sisi watu wazima tuliokwisha kuamua.

Hapo mlangoni, au wakitoka, wapelekeni makaburini. Makaburi ya kifalme yapo ubavuni mwa jumba. Seyyid Said amezikwa hapo pamoja na baadhi ya watoto wake waliotawala. Utaona jengo la kaburi lililoanzwa na halikumalizwa. Majid alitaka kumjengea baba yake kaburi lenye kuba, na wanazuoni wa Kiibadhi wakapinga, kwa kuwa madhehebu yao hayapendi makaburi ya fahari. Sultani aliyemiliki pwani nzima akazuiwa na fakihi. Hilo nalo ni somo juu ya mipaka ya enzi.

Kabla sijamaliza, niseme juu ya jengo lenyewe, maana majumba haya hayatungoji. Ukuta wa zamani wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na udongo, umepakwa chokaa, na dari zake zimelala juu ya boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya nyumba zetu ni virefu na vyembamba. Ukuta wa namna hiyo hupumua. Unyevu huingia na kutoka kupitia chokaa. Ukiupaka saruji, maji hunaswa ndani, chumvi ikafanya kazi yake, na siku moja plasta inaanguka na jiwe lake. Beit al-Ajaib, yenye nguzo na mihimili ya chuma iliyoiwezesha kuwa na kumbi pana kuliko nyumba yoyote ya mji, ilikuwa na adui mwingine: kutu ya hewa ya bahari. Baraza lake liliporomoka sehemu mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiendelea, upande mzima wa mbele ukaanguka na mnara wa saa, na watu 2 wakafa. Waliofia hapo walikuwa kwenye jengo la kumbukumbu yetu sote. Nawataja kila ninapolizungumzia jumba lile, na naomba nanyi muwataje.

Kwa hiyo, mkijipanga kwa muhula ujao, nina kazi ya kuwapa. Kila mwanafunzi achague kitu kimoja tu ndani ya kasri, kiwe kikubwa au kidogo, na aandike kilikotoka, kiliingia kwa mlango upi, nani alikibeba na nani alikisafisha. Kisha arudi mtaani kwao, Ng'ambo, Malindi, Bububu au Mtoni, amtafute mzee aliyewahi kufanya kazi ndani ya jumba lile au aliyelelewa na mtu aliyefanya kazi humo. Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa Mapinduzi sasa amepita 80, na anayekumbuka jikoni ya Seyyid Khalifa ni mkubwa zaidi. Mzee asisumbuliwe na siasa. Aulizwe ngazi ipi walipandia, walikula saa ngapi, mshahara ulitolewa na nani na wapi, nani aliruhusiwa kupita mlango wa baharini na nani hakuruhusiwa. Majibu yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kwa idhini yake, na yachorewe ramani ya vyumba. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine ipelekwe kwenye Nyaraka za Taifa pale Kilimani, na anayeyaandika aanze wiki hii.